Kaktusi ya nyumbani: maji mengi ndiyo inaiua

Tunapotembelea makoperative, mara nyingi kina mama wanatuonyesha maua yao ku mulango. Mara hii, mwanachama mumoja alituonyesha makopo matatu. Alikuwa amenunua kaktusi tatu ku mji, akazinywesha maji kila asubui sawa mboga. Kisha majuma matatu zikalegea chini, zikageuka rangi ya kahawia, zikaanguka. Alituambia: «Nilizitunza muzuri kabisa, na zimekufa.» Pesa yake ikapotea.

Tulimujibu kwamba zilikufa juu ya kutunzwa sana. Karibu kaktusi zote asili yake ni Amerika, na nyingi zinatoka fasi zenyi mvua kidogo. Maji inazihitaji, zinayaweka ndani ya shina. Mizizi ikikaa ndani ya matope inaoza. Kwetu Kivu mvua ni mingi, basi kazi yetu ni kuikinga, si kuinywesha.

Kopo na udongo

Kopo, sufuria ya zamani ao bido iliyokatwa, yote inafaa. Toboa matundu matatu ao mane chini na musumari. Changanya kipimo kimoja cha udongo na kimoja cha muchanga munene. Wenyi kukaa karibu na volkano wako na bahati: majiwe madogo meusi ya lava yanapitisha maji muzuri sana. Musiweke mbolea ya ngombe mbichi.

Maji na jua

Ingiza kidole ndani ya udongo. Kama kuko unyevu, acha. Kama kumekauka mupaka chini, nywesha mupaka maji yatoke ku matundu, kisha ungoje tena. Wakati wa kiangazi, mara moja kwa majuma mawili inatosha kwa nyingi. Wakati wa mvua, iweke chini ya paa, fasi jua la asubui linafika. Ile iliyozoea ndani ya nyumba, musiitoe kwa jua kali siku moja; itaungua. Izoeshe polepole.

Ukiona vidudu vyeupe sawa pamba, pangusa na kitambaa chenyi maji ya sabuni.

Kupata zingine

Kata kipande na kisu safi. Musikipande siku ileile! Kiache kwa kivuli siku saba mupaka kumi, kidonda kikauke. Kisha kipande, na ungoje juma moja mbele ya kukinywesha. Hivi koperative inaweza kupata kaktusi nyingi za kuuza bila kununua tena.

Mambo mawili ya kuangalia sana

La kwanza: si kila muti wa miiba ni kaktusi. Ku soko wanauza pia miti ya jamaa ya euforbia, sawa ile tunayopanda kuzunguka parseli, yenyi kutoa maziwa meupe. Maziwa hayo yanaunguza ngozi na yanaweza kuharibu macho. Angalia miiba: ya kaktusi inatoka kwenyi kidoti kidogo sawa pamba, ya euforbia hapana. Ukikata euforbia, nawa mikono. Maziwa yakiingia ku jicho la mutoto, osha na maji safi mengi mara moja, kisha mupelekeni ku kituo cha afya. Weka makopo fasi watoto hawafikie.

La pili: musitupe vipande vya kaktusi ku shamba ao ku malisho, zaidi ile yenyi mashina mapana sawa sahani. Kila kipande kinaota. Kule Laikipia, inchi ya Kenya, kaktusi ya aina hiyo iliingia malisho na kuenea fasi kubwa. Mifugo inapokula matunda yake, miiba midogo inaumiza kinywa na tumbo. Wafugaji wanapata hasara mupaka leo. Vipande usivyovitaka, vikaushe kwa jua juu ya jiwe mupaka vikauke kabisa, kisha uvichome.

Yule mama ameanza tena na kipande kimoja alichopewa na jirani. Tulipomwachia kwaheri kilikuwa kinakauka chini ya paa, bila maji. Ku mukutano wenu ujao, leteni mimea yenu ya miiba, muiangalie pamoja: gani ni kaktusi, gani iko na maziwa.