Vazi kama Lugha: Linasema Nini Kanisani?

Mwanadamu husema kwa vazi lake kabla hajafungua kinywa. Katika Mwanzo 3 vazi ni kifuniko cha aibu, lakini mara linakuwa pia tamko. Kanzu ya Yusufu iliwatangazia ndugu zake upendeleo wa baba yao (Mwa. 37). Tamari aliirarua kanzu iliyomtambulisha kuwa binti wa mfalme, na kitendo hicho kilikuwa kilio (2 Sam. 13:18-19).

Kama ilivyo lugha yoyote, mavazi yana kanuni zake, na kanuni kuu ni hii: nani aruhusiwa kuvaa nini? Katika Rumi ya kale, toga ilikuwa vazi la raia. Mgeni hakuruhusiwa kuivaa. Huko Unguja katika karne ya 19, mtumwa alijulikana kwa merikani isiyo na rangi au kaniki ya nili. Kofia, viatu na ushungi vilikuwa alama za waungwana. Baada ya amri ya mwaka 1897 iliyoondoa utumwa kisheria, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliacha kaniki wakavaa kanga za rangi, na baadaye buibui. Hivyo walitamka kwa nguo kwamba wao si mali ya mtu. Baadaye kanga zenyewe zikaandikwa maneno, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa za Kirumi.

Wanawake hao walitangaza uhuru kwa kuvaa. Martin Luther aliutangaza kwa kuvua. Mwezi Oktoba 1524 aliweka kando vazi la kitawa, akahubiri akiwa amevaa joho la msomi. Maana yake ilieleweka: nadhiri ya utawa haimpi mtu haki mbele za Mungu. Hata hivyo, ishara hubadilika. Mwaka 1811 mfalme wa Prussia aliagiza joho jeusi livaliwe na wachungaji na maofisa wake vilevile. Vazi lililowahi kunena uhuru likaanza kunena mamlaka ya dola, na kwa mkono wa wamisionari wa Kijerumani likafika kwetu.

Basi yatupasa kujiuliza: mavazi yetu ya leo yanasema nini? Yakobo aonya juu ya kumketisha mahali pazuri mwenye nguo za fahari na kumsimamisha maskini (Yak. 2:1-4). Sharikani mwetu wapo wanaobaki nyumbani Jumapili kwa kukosa nguo ya kanisani, na wapo walioacha kwaya kwa kushindwa kulipia sare. Hao wamesikia mahubiri ya mavazi yetu, nayo yamewafukuza kabla ya mchungaji kupanda mimbarani.

Paulo afundisha kwamba waliobatizwa wamemvaa Kristo (Gal. 3:27). Vazi hilo hatulinunui, na wote tumepewa sawa. Mchungaji atakapoona msharika ametoweka, na aulize mapema, kwa upole na kwa siri, kama si nguo iliyomzuia.