Mkaratusi Uking'oka, Tazama Udongo

Upepo ndio hulaumiwa kwanza. Mti ukiangukia paa la jikoni usiku huko Nyamira, Kenya, asubuhi kila mtu anasimulia jinsi upepo ulivyovuma. Ila shina lenyewe mara nyingi ni zima. Kilichong'oka ni bonge la mizizi na udongo, limesimama wima kama ukuta, na shimo lililoachwa limejaa maji. Mti uliovunjika katikati unaweza kuushtaki upepo. Huu ulioanguka mzima una kesi na ardhi.

Nyanda za juu za Kisii na Nyamira hupata mvua ya milimita 1,500 hivi kwa mwaka, na kwingine inazidi 2,000. Kwenye miinuko kuna udongo mwekundu wenye kina, unaopitisha maji vizuri, na mizizi hushuka bila taabu. Bondeni, kando ya mto Gucha na vijito vyake, mambo ni mengine: udongo wa kijivu, unaonata, ule ule wanaouchimba wafyatuzi wa matofali. Hapo maji hayako mbali na uso wa ardhi. Mizizi nayo huhitaji hewa, na oksijeni hupenya majini polepole mara 10,000 hivi kuliko hewani. Mizizi inayojaribu kushuka hufa. Inayopona hutambaa kando. Ndiyo maana mkaratusi mrefu kuliko nyumba yoyote kijijini unaweza kuwa umeshikwa na mizizi isiyofika hata mita moja chini.

Katika miaka ya 1980, mtafiti M. P. Coutts wa Uingereza aliivuta miti kwa mashine hadi ikaanguka, akipima kinachoishikilia. Mizizi ya upande unakotoka upepo ilibeba mzigo mkubwa. Ikasaidiwa na uzito wa bonge lenyewe, na mizizi ya upande wa pili iliyokataa kupinda, na udongo ulivyoshikana. Mvua ya siku nyingi huharibu hili la mwisho. Udongo wenye unyevu wa kiasi hushikwa na tando nyembamba za maji kati ya chembe. Nafasi zote zikijaa, tando hizo hutoweka, msuguano hupungua, na mizizi huteleza. Kwa hiyo upepo ambao Januari ungepukutisha majani tu, Aprili unaweza kuulaza mti mzima. Mto ukifurika, tena, huila kingo kwa chini, na mti uliopo pembeni hubaki na mizizi ya upande mmoja tu.

Mikaratusi ililetwa Kenya mwaka 1902 kwa ajili ya kuni za garimoshi. Leo hutoa nguzo, mbao na kuni za viwanda vya chai. Sensa ya 2019 ilikuta watu zaidi ya 950 kwa kila kilomita ya mraba Kisii, na kwenye vishamba vilivyobanwa hivyo nani atapoteza ardhi ya mahindi kwa miti? Mikaratusi ikapewa ardhi chepechepe, na wengine waliipanda humo makusudi ili ikaushe kinamasi. Mwaka 2009 waziri wa mazingira, John Michuki, aliagiza iondolewe kwenye vyanzo vya maji. Hoja ilikuwa kiu ya miti hiyo. Kuhusu kuanguka kwake husemwa machache mno.

Kasoro nyingine inayouangusha mti huanzia kitaluni. Mche uliokawia kwenye kifuko cha plastiki huviringisha mzizi wake chini, na ukipandwa hivyo hivyo bila kukatwa, mviringo huo hubaki hata mti ukiwa mnene.

Dalili zipo kabla ya hatari. Ufa wa mviringo ardhini, upande unakotoka upepo, unaofumbuka na kufumba shina likiyumba, ni sababu tosha ya kumwita mwenye msumeno siku hiyo hiyo. Kwenye ukingo wa mto afadhali mti ukatwe, kisiki kiachwe: kukichimbua ni kuufungulia mto udongo uliokuwa umeshikwa. Mizizi yake itaendelea kuushika kwa muda, machipukizi yakipogolewa kila yanapotoka, huku mianzi iliyopandwa kati ya visiki ikisuka mizizi yake.