Umri wa Dagaa Umo Sikioni

Barua imetoka kwa mzazi mmoja wa Kigoma. Binti yake amemaliza kidato cha sita, amechaguliwa kusomea sayansi ya viumbe maji na uvuvi, na majirani wanamcheka baba: yaani umpeleke mtoto chuo kikuu akajifunze kuvua, wakati ziwa liko hapo chini? Mzazi anauliza, kwa upole, mtafiti wa samaki hufanya kazi gani hasa.

Ngazi zenyewe ni zilezile za taaluma yoyote: shahada, uzamili, uzamivu, na katikati yake kusubiri ajira katika taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, au uhadhiri Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Sokoine. Wakenya wana KMFRI, Waganda wana NaFIRRI pale Jinja. Anayependa chombo na nyavu kuliko maabara aende kwa wakala wa mafunzo ya uvuvi, FETA. Kampasi ya Kigoma haiko mbali na nyumbani kwao. Nafasi si nyingi, na hayo tuyaache. Utamu uko kwenye "kazi gani hasa", nami nitaijibu kwa kazi moja tu: kumuuliza dagaa umri wake.

Mzazi wa Kigoma hajasahau mwaka 2024, ambapo, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka Ziwa Tanganyika ya kulipumzisha, uvuvi upande wa Tanzania ulisimama kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Nyavu zilianikwa, bei ikapanda, na kila mwalo ulikuwa na swali lake: kwa nini miezi mitatu, na kwa nini hii? Swali hilo halijibiwi kwa kutazama maji. Inabidi ujue dagaa huanguliwa lini, huchukua siku ngapi hadi kuzaa, na wangapi huishia kwenye wavu kabla ya kufika huko. Rula haitoshi. Dagaa wawili wa urefu mmoja wanaweza kuwa mmoja mchanga aliyeshiba na mwingine mzee aliyedumaa.

Wazungu walilitatua fumbo hili mapema kwa msaada wa baridi yao. Mwaka 1899 Mjerumani Johannes Reibisch alisoma umri wa samaki wa baharini kwa kuhesabu pete zilizomo katika mawe madogo ya masikioni mwao. Majira ya baridi samaki hukua polepole, pete hujibana, na kila mwaka huacha alama yake. Huku kwetu maji hayapoi kiasi hicho. Pete za mwaka hufifia au hazionekani kabisa, na wataalamu wa maziwa ya joto wakabaki na rula zao kwa miongo mingi. Kisha mwaka 1971 Giorgio Pannella akaandika katika jarida la Science kwamba ndani ya pete za mwaka mna pete nyembamba zaidi, na kila moja ni ya siku moja. Siku, si mwaka! Kwa dagaa, ambaye maisha yake yote ni kama mwaka mmoja hivi, hiyo ndiyo saa inayomfaa.

Jiwe lenyewe tuliiteje? "Otolithi" linatamkika, ila halimwambii mtu kitu. "Jiwe la sikio" linanukia hospitali, kama mawe ya figo. Mimi nitasema "kijiwe", na vijana wa bodaboda wanisamehe.

Samaki hana ndewe wala tundu la sikio. Masikio yake yamefichwa ndani ya fuvu, pembeni mwa ubongo, na kila upande una vijiwe vitatu vyeupe vya chokaa. Kazi yake ya kwanza ni kusikia na kujua juu ni wapi na chini ni wapi. Mwili wa samaki una uzito unaokaribiana sana na wa maji, hivyo sauti ikipita majini humpita na yeye, nyama yote ikitikisika pamoja na ziwa. Kijiwe ni kizito karibu mara tatu ya maji, kwa hiyo huchelewa kidogo kutikisika. Kule kuchelewa ndiko kusikia: vinyweleo vya seli zilizo chini yake hupinda, na neva hupeleka habari ubongoni.

Sasa njoo kwenye kile kinachonikosesha usingizi kwa furaha. Kijiwe hukaa katika kifuko cha majimaji, na damu haikigusi. Seli za kuta za kifuko husukuma kalsiamu ndani, lakini hazisukumi kwa mwendo mmoja. Zinafuata saa ya mwili. Kwa sehemu kubwa ya siku fuwele za chokaa hujengeka. Kisha kemia ya majimaji hugeuka, chokaa hupungua, na protini hutawala kwa muda. Chokaa hupitisha mwanga; tabaka la protini huonekana jeusi chini ya hadubini. Jozi moja, siku moja. Zipo spishi ambazo hata zikifugwa chini ya taa isiyozimwa huendelea kuchora pete kwa zamu ileile, maana saa imo ndani ya samaki, haiko angani.

Na pete ikishachorwa haifutiki. Mifupa na magamba ni droo ya pesa ya duka: samaki akibanwa na njaa huchota kalsiamu humo, akishiba hurudisha, na jioni huwezi kujua asubuhi kulikuwa na nini. Kijiwe ni daftari la Mangi, mwenye duka. Kila siku mstari mmoja. Siku ya mauzo mema mstari mpana, siku ya mvua mstari mwembamba, lakini hakuna siku inayorukwa na hakuna ukurasa unaochanwa, hata duka likikaribia kufilisika. Ukurasa wa kwanza uko katikati kabisa, kurasa nyingine zimeuzunguka, na ule wa ukingoni uliandikwa siku wavu ulipopita. Mangi huandika kwa kalamu aliyoipata wiki hiyo, ya bluu au nyeusi. Samaki naye huandika kwa kemikali za maji aliyokuwamo. Strontiamu inafanana na kalsiamu kiasi cha kukaa mahali pake ndani ya fuwele, na bahari ina strontiamu nyingi kuliko mito mingi. Chukua mkunga wa Rufiji au Tana, aliyezaliwa Bahari ya Hindi akapanda mto angali mdogo. Leza ikichimba kijiwe chake kutoka katikati hadi ukingoni, mtambo utaonyesha mahali kalamu ilipobadilishwa, na ukihesabu mistari utajua alikuwa na umri gani alipoagana na chumvi.

Binti yetu basi atafanya nini asubuhi? Atapasua vichwa vya dagaa kwa sindano na kibanio. Atatoa vijiwe vinavyoweza kupotea chini ya kucha, avisafishe, avigandishe kwenye kioo kwa gundi, avisugue kwa msasa laini mno hadi katikati pajitokeze. Sugua kidogo, pete hazionekani; zidisha, siku ya kuzaliwa imekwenda na maji. Kisha atakaa kwenye hadubini na kuhesabu. Dagaa aliyevuliwa tarehe 30 Juni akiwa na pete 120 alianza kuhesabu siku zake tarehe 2 Machi. Afanye hivyo kwa mamia ya dagaa, mwenzake ahesabu upya bila kuona majibu yake, na ramani ya kuzaliwa kwa samaki wa ziwa zima itaanza kuchomoza, pamoja na kasi ya kukua na kasi ya kufa. Bila shaka pete ya kwanza haianzi siku ileile kwa kila spishi, na njaa kali huzibana pete. Hilo hupimwa kwa kuwaogesha samaki katika rangi iachayo alama kwenye kijiwe, kuwafuga siku zinazojulikana na kuhesabu tena. Tuendelee.

Majirani wakisema kuhesabu pete ni mchezo, wapeni habari ya Minnesota, Marekani. Kuna samaki mkubwa wa maji baridi huko, anaitwa bigmouth buffalo, aliyehesabiwa kuwa takataka. Watu walimpiga mishale bila kikomo. Mwaka 2019 Alec Lackmann, wakati huo mwanafunzi wa shahada ya juu North Dakota State University, alichapisha na wenzake hesabu ya vijiwe vyake. Mmoja alikuwa na miaka 112, zaidi ya mara nne ya makadirio yote yaliyotangulia. Waliithibitisha kwa kaboni ya majaribio ya mabomu ya nyuklia, yaliyoacha chapa yake katika maji na hivyo katika vijiwe vya miaka hiyo. Samaki anayeishi karne havuliwi kwa kanuni za samaki wa muongo mmoja.

Kwa kuwa anayesubiriwa chuoni ni msichana, baba asome pia habari za Rosemary Lowe-McConnell. Alikuja Ziwa Nyasa mwaka 1945 kuchunguza perege, kisha akajiunga na kituo cha utafiti wa uvuvi cha Afrika Mashariki pale Jinja. Mwaka 1953 aliolewa, na kanuni za utumishi wa kikoloni zikamlazimu kuacha kazi. Hakuacha samaki. Aliendelea na utafiti Guyana bila mshahara, na vitabu vyake kuhusu samaki wa maji ya joto vikasomeshwa vyuoni. Kanuni ile haipo tena.

Mruhusu aende, mzee wangu. Ajifunze kompyuta na takwimu mapema, asiikimbie kemia, na likizo ashuke mwaloni akakae na wavuvi, kwa sababu vichwa vya dagaa atakavyovihitaji atavipata kwao.