MAPISHI: Siri ya biskuti laini za boga, na tahadhari kuhusu mdalasini

KILA ufikapo mwezi Oktoba, majiko mengi ya Marekani na Kanada hunukia mdalasini. Majani ya miti hugeuka rangi ya manjano na nyekundu kabla ya kupukutika, mashamba huvunwa, na mbele ya milango ya nyumba hupangwa maboga makubwa ya rangi ya machungwa. Ndani ya nyumba, boga lililopondwa hutiwa katika mikate, keki na biskuti.

Miongoni mwa mapishi hayo, biskuti laini za boga na mdalasini zinaonekana kuwa rahisi kuliko yote. Hata hivyo, ndizo zinazowatatiza wapishi wengi. Aliyetarajia biskuti laini hujikuta na vipande vya keki visivyo na ladha, au vigumu vya kuvunja jino. Makala haya yanaeleza ulaini huo unatoka wapi, jinsi ya kuupata hata bila tanuri la umeme, na kwa nini mzazi anafaa kujua ni mdalasini wa aina gani anaowapa wanawe.

Tuanze na majira yenyewe. Watafsiri wetu wamezoea kuyaita 'vuli', nalo neno hilo linaweza kumpotosha msomaji. Kwetu, vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba, wakati ambapo mkulima hushika jembe na kupanda. Kwa mkulima wa Amerika Kaskazini, miezi iyo hiyo ni ya kuvuna na kuweka akiba kabla ya theluji kuanguka. Boga lilifaa sana kwa akiba hiyo. Hukomaa mwezi Septemba na Oktoba, na kwa kuwa ganda lake ni gumu, huweza kukaa miezi kadhaa mahali penye baridi bila kuoza. Kabla ya friji kubuniwa, familia nyingi zilivuka majira ya baridi kwa kula maboga.

Tena boga ni mwenyeji wa bara hilo. Wataalamu wa mambo ya kale wamepata mbegu za maboga yaliyolimwa na binadamu katika pango la Guilá Naquitz, jimbo la Oaxaca nchini Mexico, zenye umri wa takriban miaka 10,000. Zao hilo lilivuka bahari baada ya safari ya Christopher Columbus ya mwaka wa 1492, likaenea Ulaya, Asia na Afrika. Leo hii wapo wengi hapa nchini wanaodhani kwamba malenge, kama yanavyojulikana sana bara, yamekuwapo kwetu tangu jadi.

Biskuti nazo zina historia yake. Mnamo 1796, Amelia Simmons alichapisha huko Hartford, jimbo la Connecticut, kitabu 'American Cookery', ambacho huhesabiwa kuwa kitabu cha kwanza cha mapishi kuandikwa na Mmarekani. Ndani yake mlikuwa na mapishi ya boga na pia ya biskuti, ambazo aliziita kwa jina lililotokana na neno la Kiholanzi, 'koekje', yaani keki ndogo. Ili kuumua unga, Simmons alitumia chumvi iliyotengenezwa kwa majivu ya kuni. Mpishi wa Kiafrika aliyewahi kulainisha mboga kwa maji ya majivu hatashangazwa na jambo hilo.

Ladha ya boga na viungo vya Mashariki ilizidi kupata umaarufu katika karne iliyofuata na ile ya 20. Mwaka wa 1934, kampuni ya McCormick ilianza kuuza mchanganyiko wa viungo vya pai ya boga, na mwaka wa 2003 Starbucks ikaleta kahawa yenye ladha hiyo. Tangu hapo, harufu ya mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu imekuwa kama kengele ya kutangaza majira hayo.

Siri ya ulaini

Boga ni maji. Takriban asilimia 90 ya uzani wake ni maji, na hapo ndipo matatizo huanzia. Mpishi akitia boga lililopondwa moja kwa moja katika unga, maji hayo hugeuka mvuke ndani ya tanuri, unga huumuka, na biskuti huwa keki. Akijaribu kurekebisha kwa kuongeza unga, biskuti hukauka na kuwa ngumu. Dawa ni kulikausha boga kabla ya kulitumia: lipikwe kwa moto mdogo huku likikorogwa hadi lipungue nusu. Maji hutoka, ladha na rangi hubaki.

Jambo la pili ni aina ya boga. Yale makubwa ambayo Wamarekani huyachonga nyuso usiku wa Oktoba 31 hayafai sana kwa mapishi. Nyama yake ina nyuzinyuzi, maji mengi na ladha hafifu. Boga la mikebe, ambalo kwa wingi hutoka jimbo la Illinois, ni la aina nyingine iitwayo Dickinson, ambayo ni ya jamii moja na lile boga lenye umbo la chupa linalouzwa katika masoko yetu. Msomaji asidhani basi kuwa amekosa kitu kwa kukosa mkebe wa ng'ambo. Achague boga lililokomaa, zito kwa kimo chake, na lenye nyama nene ya rangi ya machungwa iliyoiva.

Tatu ni yai. Ute wa yai hushikamana na kukauka unapopata moto, ilhali kiini kina mafuta yanayolainisha. Kwa kuwa boga tayari limeleta maji, kiini peke yake chatosha.

Nne ni sukari. Sukari ya kahawia, ambayo bado ina masalia ya maji ya miwa, hushika unyevu kuliko sukari nyeupe. Tena masalia hayo yana uchachu kidogo unaoamsha magadi soda. Tahadhari hapa: magadi soda ya kuokea si magadi ya mawe yanayouzwa sokoni kwa ajili ya kulainisha maharagwe na githeri. Mawe hayo hayakusafishwa, na yanaweza kuwa na floraidi nyingi inayodhuru meno na mifupa.

Tano ni mkono na moto. Unga wa ngano ukikorogwa sana hujenga nyuzi zinazovutana, na biskuti hugeuka kuwa kama mpira. Ama moto, biskuti ziondolewe zikiwa bado laini katikati, kwa kuwa joto la sinia huendelea kuziivisha hata zikiwa nje.

Mahitaji (biskuti 24)

- Boga lililochemshwa kwa mvuke na kupondwa, gramu 240
- Unga wa ngano, gramu 250 (vikombe viwili)
- Siagi, gramu 115
- Sukari ya kahawia, gramu 150, na vijiko viwili vikubwa zaidi vya kupaka
- Kiini cha yai moja
- Mdalasini wa unga, vijiko viwili vidogo (takriban gramu 5)
- Tangawizi ya unga, nusu kijiko kidogo
- Kungumanga na karafuu za kusagwa, kiasi kidogo cha kuokota kwa vidole
- Magadi soda, nusu kijiko kidogo
- Beking pauda, nusu kijiko kidogo
- Chumvi, robo kijiko kidogo

Jinsi ya kutayarisha

1. Tia boga katika sufuria pana na ulipike kwa moto mdogo, ukikoroga, hadi libaki takriban gramu 120. Liache lipoe kabisa.

2. Yeyusha siagi na uiache ipoe kidogo. Ichanganye na sukari, kisha uongeze kiini cha yai na boga, ukoroge hadi vishikane.

3. Katika bakuli jingine, chekecha unga pamoja na magadi soda, beking pauda, chumvi, tangawizi, kungumanga, karafuu na kijiko kimoja unusu cha mdalasini.

4. Mimina unga katika mchanganyiko wa siagi na ukoroge kwa mwiko. Unga mkavu ukishatoweka, acha kukoroga.

5. Funika, uweke katika friji kwa nusu saa. Siagi itaganda na unga utafyonza maji yaliyosalia.

6. Changanya sukari iliyosalia na mdalasini uliobaki. Finyanga madonge 24 yenye ukubwa wa ndimu ndogo, uyaviringishe katika sukari hiyo, uyapange kwenye sinia iliyopakwa mafuta na uyabonyeze kwa kiganja. Usiyaache kama yalivyo, kwa kuwa boga huzuia biskuti kutandaa zenyewe.

7. Oka katika tanuri lililopashwa hadi nyuzi 175 za selisiasi kwa dakika 11 hadi 13. Kingo ziwe zimeshika, katikati pawe pangali laini. Ziache kwenye sinia dakika 10 kabla ya kuziondoa.

Asiye na tanuri atandaze mchanga safi mkavu ndani ya sufuria kubwa, aweke juu yake sinia ndogo, afunike, apalie makaa machache juu ya kifuniko na mengine chini. Sufuria ipate moto kwanza kwa robo saa. Kwa kuwa joto la makaa halipimiki, azitazame biskuti kuanzia dakika ya kumi. Biskuti hizi zina unyevu na huota ukungu upesi. Baada ya siku mbili, zihifadhiwe katika friji.

Mdalasini upi?

Hapa tumefikia jambo ambalo vitabu vingi vya mapishi hulinyamazia. Jina 'mdalasini' asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni mti wa China. Lakini magome yanayouzwa kwa jina hilo hutoka kwa miti zaidi ya mmoja. Upo mdalasini wa Sri Lanka, ambao pia hukuzwa Unguja na Pemba. Upo pia ule uitwao kasia, unaotoka China, Indonesia na Vietnam, ambao ndio hujaza masoko mengi ya dunia kwa kuwa bei yake ni nafuu.

Kasia ina kemikali ya kumarini kwa wingi, na kemikali hiyo ikizidi mwilini inaweza kudhuru ini la baadhi ya watu. Mdalasini wa Sri Lanka unayo kidogo mno. Mwaka wa 2006, taasisi ya Ujerumani inayochunguza usalama wa vyakula ilitahadharisha umma kuhusu biskuti za mdalasini zinazoliwa wakati wa Krismasi, na mwaka wa 2008 Umoja wa Ulaya uliweka viwango vipya vya kumarini katika vyakula vya kuokwa. Kwa mujibu wa taasisi hiyo, mtu mzima mwenye uzani wa kilo 60 asizidishe gramu 2 za kasia kwa siku, na mtoto wa kilo 15 asizidishe nusu gramu.

Tupige hesabu. Gramu 5 za mdalasini katika biskuti 24 ni takriban gramu 0.2 kwa kila biskuti. Iwapo mdalasini huo ni kasia, mtoto huyo hufikia kiwango chake kwa biskuti mbili na nusu. Akizidisha siku ya sherehe hakuna haja ya kutishika, kwa maana kiwango hicho kimekadiriwa kwa mtu anayekula kila siku maishani. Lakini biskuti zikifanywa kitafunio cha shule kila asubuhi, mambo hubadilika.

Jambo jingine ni uchafuzi. Mwishoni mwa mwaka wa 2023, vifuko vya tufaha lililopondwa lenye mdalasini, vilivyotengenezewa watoto, viliondolewa madukani Marekani baada ya kupatikana na madini ya risasi. Uchunguzi ulielekeza lawama kwa mdalasini wa unga uliotiwa humo. Mamia ya watoto waliathiriwa. Madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto, na hayaonekani kwa macho wala kuonjeka kwa ulimi.

Basi mnunuzi afanye nini? Anunue vijiti, avisage mwenyewe. Kijiti cha mdalasini wa Sri Lanka au wa visiwani kina matabaka mengi membamba yaliyokunjwa pamoja kama sigara, rangi yake ni kahawia hafifu, na huvunjika kwa vidole. Kasia ni gome moja nene, gumu na jeusi zaidi, lililojikunja kutoka pande mbili. Ukishasagwa, ni vigumu mno kwa jicho kutofautisha. Vijiti pia huwaachia walaghai nafasi ndogo ya kuchanganya rangi na vitu vingine.

Je, ni chakula cha afya?

Wako wauzaji wanaonadi biskuti hizi kuwa chakula cha afya kwa sababu zina boga. Kweli, rangi ya machungwa ya boga hutokana na kemikali ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kinga ya mwili. Lakini kila biskuti ina takriban gramu 10 tu za boga, yaani tonge dogo, ilhali ina karibu gramu 7 za sukari. Biskuti tatu zinakaribia gramu 25, kiwango ambacho mwaka wa 2015 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa mtu mzima anayetaka kupunguza sukari zaidi. Ukiiangalia kwa upande wa sukari au wa mdalasini, hesabu inamfikisha mtoto mahali pamoja: biskuti mbili zamtosha.

Anayetafuta manufaa ya boga lenyewe ana njia fupi zaidi. Sahani ya boga la nazi kama linavyopikwa pwani humpa mtoto boga mara nyingi zaidi ya biskuti hizi, na tui hulisaidia tumbo kufyonza vitamini hiyo, ambayo huhitaji mafuta. Majani nayo hupikwa mboga au kupondwa katika mukimo, na mbegu hukaangwa. Wahenga walisema ukipenda boga, penda na ua lake. Biskuti na ziokwe siku ya wageni. Siku nyingine zote, boga liingie chunguni.