Na mchora kwao atunzwe

Wapo wanaodhani kwamba mchoraji ni yule tu achoraye ndovu chini ya mlima ili mtalii apate cha kubeba. Mama akaangaye viazi kando ya barabara, utingo aning'iniaye mlangoni mwa matatu na kinyozi wa chini ya mwembe hawahesabiwi kuwa wanastahili kuchorwa. Hilo ni kosa.

Rangi za akriliki zimewarahisishia kazi wanaotaka kuyachora maisha hayo. Huchanganywa kwa maji na kukauka upesi. Zikishakauka haziyeyuki tena kwa maji, na ndiyo maana brashi isiyooshwa mapema huharibika. Kadibodi ngumu yenye ukubwa wa daftari yatosha. Picha iliyoanzwa asubuhi, jioni yaweza kutundikwa.

Tusidharau mianzo midogo. Mnamo 1968, jijini Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora juu ya vipande vya ubao kwa rangi za baiskeli. Leo jina lake ni jina la mtindo mzima. Hapa kwetu, Sane Wadu aliacha ualimu katika miaka ya 1980 akajitosa katika uchoraji wa maisha yaliyomzunguka.

Je, nani atanunua? Mtalii hufuata twiga. Mnunuzi ni sisi, kwani picha ndogo huwa na bei ndogo. Kibanda kikibomolewa na kinyozi akihama, ni picha hiyo itakayowasimulia wajukuu jinsi tulivyoishi. Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Basi na mchora kwao atunzwe.