Korongo la Njorowa na Mvua ya Mbali

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Nimezeeka na methali hiyo, hadi nilipofika korongo la Njorowa nikatambua kuwa kuna mahali ambapo haimwokoi mtu.

Korongo hilo limo katika mbuga ya Hell's Gate, karibu na mji wa Naivasha, kilomita 90 hivi kutoka Nairobi. Mbuga hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1984, ni mojawapo ya chache nchini ambamo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au baiskeli kati ya punda milia na swara. Ukisha kulipita jabali liitwalo Fischer's Tower, uwanda wa nyasi hukufikisha ukingoni, na hapo huteremka kwa mikono na miguu.

Huko chini pazuri ajabu. Kuta zimechongwa na maji zikawa laini kama mbao iliyopigwa randa. Pengine njia ni nyembamba hata ukinyosha mikono wagusa pande zote mbili, na mbingu imebaki utepe tu. Ubavuni hutiririka maji ya moto, kwani joto hilo la ardhini ndilo linalozalisha umeme pale jirani Olkaria tangu 1981. Kisha njia huzunguka, ikapanda, ikakurudisha ulikoanzia.

Kabla hatujateremka, kijana aliyetuongoza alisimama kitambo akitazama milima ya mbali, ilhali jua lawaka utosini. Nikamwuliza sababu.

"Mzee," akanijibu, "mvua inayoua hapa hainyeshi hapa."

Mvua hunyesha juu vilimani, maji yakakusanyika, yakaingia korongoni kwa kishindo, na aliye ndani hajaona hata wingu. Aprili 2012 vijana saba walikufa hivyo. Septemba 2019 msiba ukarudi, wengine wakachukuliwa. Sisi wa pwani twajua bahari hujaa na kupwa kwa saa zake. Maji ya Njorowa hayana saa.

Basi nenda, lakini usiende bila kiongozi, na umwulize pa kupandia maji yakija.

Mara ya pili nilikwenda na wajukuu. Tukamkuta mlinzi ukingoni: leo hapashukwi. Jua lilikuwa kali, na wajukuu wakanuna. Mimi nilimpa mkono nikamshukuru, tukarudi.