Besi Isiyomeza Maneno



Katika mikutano miwili iliyopita ya jumuiya yetu limezungumzwa suala la kununua kasha la spika kwa ajili ya gita la besi la vijana wetu wanaopiga taarab katika harusi na siku za Idi. Fedha zimekwisha kuchangwa, nyingi zikiwa za akina mama waliouza sambusa na visheti majira yote ya baridi, na sasa kila mtu ana rai yake. Kwa kuwa nilisomesha fizikia kwa miaka mingi, nimetakiwa niandike machache. Wako miongoni mwetu wasiopendelea ala za muziki katika harusi, na rai yao naiheshimu. Haya yanawahusu wale waliokwisha kuamua kuwa nazo na, kama itakavyoonekana, yanawahusu pia watoto wa kila anayehudhuria.

Kabla ya kutaja inchi na wati, tukumbuke tunachokwenda kukisikiliza. Taarab ni maneno. Bibi zetu hawavai wakajipamba na kupanda basi mbili ili wakatikiswe vifua; huenda kusikia fumbo, wakalifumbua, wakatazamana na kucheka. Besi kazi yake ni kubeba maneno hayo kama chombo kinavyobeba abiria. Vikundi vikubwa vya Unguja, kama Ikhwan Safaa iliyoasisiwa mwaka 1905 na Culture Musical Club, vimelihifadhi lile besi kubwa la kusimama linalodonolewa kwa vidole. Katika ukumbi wa kadiri, ala hiyo hutosheka na mbao zake tu, wala haimzidi mwimbaji.

Gita la besi la umeme ni mgeni wa juzi. Leo Fender alilitoa lake, lililoitwa Precision Bass, huko California mwaka 1951, na mwaka uliofuata akatoa amplifaya yake, Bassman, yenye spika moja ya inchi 15. Muziki wa vijana wa Kimagharibi ulipohamia katika viwanja vikubwa, sauti hiyo haikutosha tena. Mwaka 1969 kampuni ya Ampeg ikaleta SVT, amplifaya ya wati 300, ambayo Rolling Stones walizunguka nayo Marekani mwaka huo huo, na kasha lake lenye spika nane za inchi 10 likawa maarufu duniani. Wapigaji hulita friji, kwa umbo na kwa uzito, maana hupita kilo 60. Kwetu, taarab ya kisasa iliyovuma miaka ya 1990 kwa vikundi kama Tanzania One Theatre na East African Melody ilikishika kinanda cha umeme pamoja na gita la besi, nasi huku ughaibuni tukaipokea hivyo hivyo. Vijana wetu wameiona picha ya lile friji, na baadhi yao hawataki kusikia habari ya kitu kingine.

Kijana mmoja wa kikundi alinipeleka dukani hivi karibuni. Akaweka mkono juu ya kasha moja jeusi, akasema, “Mwalimu, hili ni la wati elfu moja!” Nikamwambia, “Mwanangu, hicho ni chakula linachoweza kula bila ya kuvimbiwa. Mimi nauliza kazi linayoifanya.”

Hapa ndipo fedha za watu zinapopotea. Wati zilizoandikwa nyuma ya kasha ni kiasi cha nguvu za umeme ambacho spika zitakistahimili bila ya kuungua, basi. Hazisemi sauti itakuwa kubwa kiasi gani. Jibu la swali hilo limo katika tarakimu nyingine, ambayo wauzaji wengi hawaitaji mpaka waulizwe: kasha likipewa wati moja tu, hutoa desibeli ngapi kwa umbali wa mita moja? Tuseme kasha moja hutoa desibeli 100 na jingine 94. Kila desibeli 3 ni sawa na kuziongeza nguvu za amplifaya maradufu, kwa hiyo tofauti ya desibeli 6 ni nguvu mara nne. Kasha la kwanza kwa wati 250 litatoa sauti ile ile ambayo la pili litaitoa kwa wati 1000. Na sikio la binadamu nalo ni zito wa kushawishika: ili lione kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu huhitaji takriban desibeli 10 zaidi, yaani nguvu mara kumi. Anayeiuza amplifaya ya wati 300 ili anunue ya wati 600 amenunua tofauti ambayo mtu aliyeketi katikati ya ukumbi huenda asiitambue.

Lipo na jambo la maumbile lisilokwepeka. Anton Hofmann, mmoja wa watu watatu walioiasisi kampuni ya spika ya KLH huko Marekani mwaka 1957, ndiye anayenasibishwa na kanuni wanayoifuata mafundi hadi leo. Kasha laweza kuwa dogo, laweza kushuka chini sana katika sauti nzito, na laweza kutoa sauti kubwa kwa umeme mdogo. Lakini katika matatu hayo utapata mawili, la tatu utalikosa. Muuzaji akikuahidi yote matatu, mshukuru na uende zako.

Basi tuliache lipi? Shauri langu ni kwamba tuache kuifuata ile sauti ya chini kabisa. Uzi mnene wa besi la nyuzi nne hutikisika kiasi cha mara 41 kwa sekunde, na ule wa tano, kwa wenye nyuzi tano, mara 31. Makasha mengi ya besi huanza kulegea kabla ya kufika huko, wala mpigaji halalamiki. Sababu yake ni kwamba uzi hautoi mtikisiko mmoja tu. Pamoja na huo wa asili hutoa wa mara mbili yake, mara tatu, na kuendelea, na ubongo ukiisikia hiyo ya juu huijaza wenyewe ile ya chini. Nota ya besi hutambulika zaidi kwa hiyo mitikisiko ya juu. Ya chini kabisa twaihisi miguuni, na katika kumbi zetu huleta madhara.

Kumbi tunazokodi huku aghalabu ni za michezo za skuli au za mitaa, kuta tupu, dari ngumu, jukwaa la mbao lenye uwazi chini yake. Sauti nzito humo haifi upesi. Nota ya kwanza haijaondoka, ya pili imekwisha kuingia, na zote zikawa ngurumo moja. Tena sikio lina tabia ambayo kila mpiga besi angepaswa kuijua: sauti nzito ikizidi huzifunika sauti zilizo juu yake, ilhali sauti nyembamba haiwezi kuifunika nzito kwa kadiri hiyo. Kwa hiyo besi ikivuma mno, fidla na kinanda hufifia, kisha humezwa herufi za mwimbaji, na fumbo likapotea. Ndipo utakapowaona mabibi wakihama meza moja moja kuelekea mlangoni, na vijana wakidhani wamechoka.

Kuna imani kwamba spika ya inchi 15 hushuka chini kuliko ya inchi 10. Ukubwa wa spika peke yake haukati shauri. Kasha lenyewe, ukubwa wake na lilivyopigiwa hesabu, vina neno zaidi. Makasha mengine yamefungwa pande zote. Mengine yana tundu lililopimwa ili hewa ya ndani isaidie sauti nzito, nayo hupata besi nyingi kwa umeme mdogo. Ila chini ya kiwango cha tundu hilo spika hukosa wa kuizuia ikacheza kupita kiasi, na ikilazimishwa huharibika. Kwa matumizi yetu aina zote mbili zafaa, mradi sauti ya katikati iwe safi.

Ninachopendekeza mbele ya kamati ni makasha mawili ya namna moja, kila moja likiwa na spika moja ya inchi 12. Sumaku za neodimiamu, zilizobuniwa miaka ya 1980, zimeyapunguza uzito mno, hata kasha la namna hii laweza kuwa na kilo 15 hivi. Kijana mmoja atalibeba ngazini kwa mkono mmoja, na mpiga besi wetu mkongwe hatalazimika kupiga akiwa ameshika kiuno. Tununue moja kwanza. Kwa akdi na shughuli ndogo litatosha. La pili lifuate fedha zikipatikana, nalo lipandishwe juu ya la kwanza, lisiwekwe ubavuni, maana hivyo sauti hutawanyika vizuri kuume na kushoto, na la juu huwa karibu na sikio la mpigaji. Kasha likikaa sakafuni, mpigaji hujipigia muundi, hajisikii, akaongeza sauti; wanaoumia ni walioketi mbele yake. Lisisukumwe pembeni pia, kwani sakafu na kuta mbili huzidisha uvumi.

Na walioketi mbele ni nani? Mnaijua hali yenyewe. Watoto hukaa chini kabisa, hatua mbili kutoka jukwaani, na mama zao hupita hapo hapo wakienda kutunza. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi ni kwamba sikio huvumilia desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda huo hukatwa nusu. Kwa desibeli 100 ni robo saa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa kumbi za burudani kwamba wastani usizidi desibeli 100 kwa kila dakika 15. Harusi zetu huchukua saa nne. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa haviumbiki tena, na mtoto hajui kusema kwamba vimekufa. Mwalimu wake ndiye atakayesema kwamba hasikilizi darasani. Iwekwe kamba au safu ya viti vitupu mbele ya spika, walau mita tatu. Hilo halina gharama.

Kumbi nyingi za Uingereza zina chombo ukutani kinachopima sauti. Taa nyekundu ikiwaka kwa muda, umeme wa jukwaani hukatwa. Katika harusi moja niliyohudhuria ulikatwa mara tatu, mara ya tatu bibi harusi akiwa katikati ya njia. Kukatika huko si kuzuri kwa vinanda pia. Kamati iulize kabla ya kulipia ukumbi kiwango kimewekwa wapi.

Yamebaki ya fundi. Nyuma ya kasha imeandikwa idadi ya omu. Makasha mawili ya omu 8 yakiungwa pamoja kwa kawaida huwa omu 4 kwa amplifaya. Mawili ya omu 4 huwa 2, na amplifaya nyingi zinazouzwa leo hazikubali chini ya 4. Kwa hiyo makasha yetu yawe ya omu 8 kila moja, la sivyo la pili halitaungika.

Aendaye dukani achukue gita letu wenyewe, apige nyimbo zetu, na mwenzake asimame hatua kumi mbali akisema naye kwa sauti ya kawaida. Kama hawasikilizani, wapunguze; kama nota hazitambulikani baada ya kupunguza, walijaribu jingine. Kasha lililotumika si aibu kulinunua, lakini kila spika ijaribiwe, ibonyezwe taratibu kwa vidole vilivyotandazwa, na ikikwaruza ndani iachwe. Waya wa kuunga amplifaya na kasha usiwe ule mwembamba wa gita, ambao haukufanywa kwa mzigo huo. Ununuliwe mnene, wenye plagi ya kujifunga kwa kuzungushwa, nao utiwe utepe wa rangi ili usichanganywe na nyingine gizani.